Kisigino Changu na Zile Sifuri

Kila Jumanne asubuhi niliulizwa swali moja, na kwa Jumanne tano mfululizo nililijibu kwa uongo. Swali lenyewe lilikuwa rahisi: kutoka sifuri hadi kumi, inauma ngapi? Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliyekatika kano, hasa vijana wa kwetu, kwa sababu uongo ule nusura uniharibie mguu, na hakuna mtu aliyenilazimisha kuusema.

Naitwa Mwita. Kwetu ni karibu na Ntimaru, ambako tunalima mahindi na tumbaku. Nilimaliza darasa la nane, nikabaki nyumbani kumsaidia baba. Kazi yangu ilikuwa kulima kwa ng'ombe. Tunafunga ng'ombe wanne, mtu mmoja anawaongoza mbele, mwingine anashika plau nyuma. Mimi ndiye niliyeshika plau. Si mtu wa maneno mengi, na nyuma ya plau hakuna anayekuuliza kitu.

Mvua ndefu zilikuwa ndiyo zimeanza. Mizizi ilinasa kwenye ncha ya plau, nikapita mbele yake kuitoa kwa mkono. Nilipomaliza niligeuka nitoke, kisigino changu kikiwa kimeielekea ile ncha. Ng'ombe wakavuta kabla sijatoka. Nilisikia mlio mdogo, kama kamba ya katani inapokatika. Nilipojaribu kusimama, unyayo ulining'inia kama kiatu kilichofunguka.

Baba alikuja mbio kutoka upande wa pili wa shamba. Aliniangalia usoni kabla ya kuangalia mguu. "Nyamaza," akasema. "Majirani wanaangalia."

Sikuwa nimesema kitu. Lakini nilimwelewa. Kwetu Wakuria mvulana anatahiriwa mbele ya watu, na watu hao hawaangalii kisu, wanaangalia macho yake. Akipepesa, habari hiyo itamfuata mpaka awe na wajukuu, na baba yake pia itamfuata. Mimi sikupepesa. Baba alinisifu siku hiyo, na hajanisifu mara nyingi. Kwa hiyo nilibebwa kutoka shambani nikiwa kimya, nikajiona nimefanya vizuri.

Hospitali ya Migori walisafisha kidonda, wakazuia damu, wakaniandikia barua ya kwenda Homa Bay, kwa kuwa wiki ile daktari wa kushona kano alikuwa huko. Tena huko nina shangazi. Anaitwa Robi, dada ya baba, aliolewa na Mjaluo zamani, na anauza chapati na maharagwe karibu na stendi. Nilishonwa Ijumaa. Jumatatu nilikuwa kwenye godoro sebuleni kwa shangazi, mguu umefungwa plasta hadi chini ya goti, vidole vikichungulia chini kama vya mtu anayetaka kuruka.

Wiki sita za plasta sitazieleza sana. Aliyewahi kuvaa plasta anajua ule mwasho usiofikika. Aibu ya kuoga ilinisumbua kuliko maumivu. Shangazi alinitengenezea mahali nyuma ya nyumba, akaweka kiti cha plastiki, akafunga leso mbili kuwa pazia, na kila nilipoingia pale aliongeza sauti ya redio ili nisijisikie kama ninasikilizwa. Hakuwahi kuniambia kwa nini anaiongeza. Nilijua.

Plasta ilipokatwa, mahindi ya kwetu yalikuwa yameanza kutoa ndevu, baba aliniambia kwa simu. Mguu uliotoka mle haukuwa wangu. Shavu la mguu lilikuwa limeisha, ngozi inabanduka kama magamba ya samaki, na harufu yake ilinifanya nigeuze uso. Shangazi aliukagua kwa muda.

"Huu ni wa kuku wa kienyeji," akasema. "Hata supu hautoi."

Nilicheka, lakini nilipoukanyagisha chini mara ya kwanza sikucheka tena. Daktari aliyenishona alinipa kiatu kirefu cha kufunga kwa mikanda na karatasi ya kwenda chumba cha mazoezi. Akanionya kwamba kano iliyoshonwa inaweza kukatika tena, na ikikatika mara ya pili kuishona ni shida zaidi na kutembea sawasawa hakuna ahadi. "Kushona nimemaliza," alisema. "Kuponya ni kazi yako na ya daktari wa mazoezi." Maneno hayo niliyabeba kila mahali.

Chumba cha mazoezi kiko mwisho wa korido, na nje yake kuna benchi refu. Mtu akitaka kujua wagonjwa, akae pale. Kila Jumanne nilimkuta mama mmoja kutoka Sindo ambaye alikatwa kano za kiganja na kisu akipasua samaki wa mbuta. Hatukuambiana majina. Mimi nilimwita Mama Sindo, yeye aliniita nyathina, yaani mwanangu. Alikuwa akiguswa tu kidole, korido nzima inajua.

"Daktari, hapo ni nane. Hapo hapo. Rudisha, rudisha, hiyo ni tisa sasa, unataka niite kwaya ya kanisa?"

Daktari wa mazoezi alikuwa mwanamke mfupi, Akinyi, mwenye mikono baridi. Alimcheka Mama Sindo, akalegeza kidole, akaandika. Kisha ikawa zamu yangu. Alishika unyayo wangu, akausukuma juu polepole kuelekea goti.

"Mwita, sifuri mpaka kumi. Ngapi?"

Ilikuwa kama mtu anapitisha waya wa moto ndani ya kisigino. Niliangalia ukutani.

"Sifuri."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, daktari."

Aliandika. Wiki iliyofuata aliongeza mazoezi, kwa sababu mtu asiyeumia anaweza kuongezewa. Nikasema sifuri tena. Akaongeza. Alinipa kamba ya mpira ya kuvuta nyumbani, mara mbili kwa siku. Mimi nilivuta mara nne. Nilifikiri nikishinda maumivu nitapona haraka, nirudi kabla ya mvua fupi, kwa sababu baba hakuwa na mtu mwingine wa kushika plau. Kila aliponipigia aliuliza jambo moja: unakanyaga?

"Nakanyaga," nilijibu.

Mama Sindo aliniangalia siku moja nikitoka mle ndani, jasho linanitiririka shingoni.

"Nyathina, ninyi Wakuria hata chai ya moto haiwaunguzi?"

"Inaunguza."

"Basi ukiunguzwa unasemaje?"

Akacheka, akanipa nusu ya ndizi yake, akaingia kupiga kelele zake. Niliona kitu kimoja sikutaka kukiona: kidole chake kilikuwa kinaanza kukunjika. Kisigino changu kilikuwa kinanenepa.

Wiki ya nne niliamka asubuhi nikakuta nyuma ya kisigino pamevimba, pana umbo la gunzi la mahindi. Nilipokisogeza kiganja karibu nilihisi joto kabla hata sijagusa. Nilipokunja unyayo, ndani kulikuwa na mkwaruzo, kama mlango wa mbao uliolowa mvua. Nilivaa soksi. Nilivaa soksi siku nne, hata wakati wa jua la saa saba, na kila nilipovua kuosha nilitumaini uvimbe umeondoka. Haukuondoka. Jumanne ya tano Akinyi alikuwa na wagonjwa wengi, akaniuliza nikiwa bado nimevaa soksi, nami nikasema sifuri, nikatoka kabla hajanilaza.

Shangazi ndiye aliyegundua, kesho yake.

"Mwita, soksi hiyo unaificha nini?"

"Baridi."

"Homa Bay hii? Vua."

Nikavua. Alienda akachemsha maji, akatia chumvi, akaanza kunikanda kwa kitambaa, kwa nguvu, kama tunavyofanya nyumbani mtu akiteguka. Alifanya asubuhi na jioni, siku mbili. Alifanya kwa mapenzi na mimi niliuma meno kwa mapenzi. Siku ya tatu ngozi juu ya uvimbe ilikuwa inang'aa na sikuweza kuweka kisigino chini kabisa. Akanipeleka hospitali mwenyewe, biashara yake ameiachia jirani.

Daktari aliyenishona aliubonyeza, akauangalia kwa mashine ya kuona ndani ya mwili, ile ya kupakwa mafuta baridi. Uso wake haukunipendeza.

"Haijakatika," akasema. "Lakini kano yote inawaka. Sehemu niliyoshona imejaa majimaji, na inayojengeka hapa si kano nzuri. Nitakuona baada ya wiki tatu. Ikiwa bado iko hivi, nitafungua tena."

Shangazi alishika ukingo wa kitanda. Mimi nilisikia neno moja tu: kufungua.

Alituma karatasi kwa Akinyi, nasi tukaenda kule korido. Akinyi aliisoma, akaketi mbele yangu, akauweka mguu wangu kwenye mapaja yake.

"Ngapi?"

Hata sasa naona aibu kuandika hili. Mguu ulikuwa unapiga kama moyo, shangazi yuko pale, karatasi ya kufunguliwa iko mezani, na mimi nikasema, "Moja."

Akinyi aliweka kalamu chini.

"Mguu huu unaniunguza mkono, na wewe unaniambia moja. Nyumbani mnalima nini?"

"Mahindi. Tumbaku."

"Tumbaku mimi naijua. Baba yangu aliilima. Kabla ya kumwaga mbegu kwenye kitalu mnafanya nini?"

"Tunalundika matawi juu yake, tunachoma."

"Kwa nini?"

"Kuua magugu na wadudu. Kisha udongo unapoa, tunamwaga mbegu."

"Sawa. Ulipokatwa, mwili ulichoma kitalu. Uvimbe wa siku zile za kwanza, lile joto, ni moto wa kazi. Ulisafisha, ukaita chembe changa zilizo ndani ya kano, zile zinazokua kuwa kano mpya. Hizo ni miche yako. Sasa niambie, miche ikishaota, mtu akirudi na moto?"

"Inaungua."

"Mingine inaungua. Inayobaki inakua vibaya. Badala ya kuwa kano inakuwa kovu gumu, wakati mwingine inaelekea kuwa kama mfupa. Haivutiki, na siku ukiikanyaga kwa nguvu inachanika. Mimi nilikuwa nanyoosha mguu wako kwa kufuata namba zako, Mwita. Kila sifuri uliyonipa ilikuwa kiberiti, na mimi ndiye niliyekiwasha."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Shangazi alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, akasema yeye naye alikanda kwa maji moto. Akinyi akamwambia asijilaumu, asikande tena, basi. Nilirudishwa kwenye magongo na kile kiatu kirefu, nikaambiwa nisivute kamba wala kukanyaga, niweke kitambaa cha maji baridi ya mtungi, nirudi Jumanne. "Na urudi na namba," akasema.

Nilipanga kusema ukweli. Niliufanyia mazoezi sebuleni peke yangu. Lakini Jumatatu baba akafika Homa Bay bila kutangaza, na gunia la unga na kuku wawili waliofungwa miguu, kwa sababu shangazi alikuwa amempigia simu.

Asubuhi tulikaa kwenye lile benchi, baba, mimi na Mama Sindo. Baba alikuwa amevaa koti lake la kwenda kanisani. Alikaa wima kama mtu anayepigwa picha.

"Mvua fupi ziko karibu," akaniambia.

"Najua, baba."

"Mtoto wa jirani alinishikia plau kidogo. Mistari yake ni kama nyoka."

Mama Sindo akaitwa, akaingia, na baada ya muda mfupi tukamsikia. "Leo ni nne tu, daktari, lakini ukiendelea hivyo itakuwa nane, nakuonya mapema."

Baba akatikisa kichwa. Mama Sindo alipotoka, baba akamwambia kwa upole, "Mama, wewe huna aibu."

"Niliiacha Sindo, mzee," akajibu. "Begi lilikuwa limejaa." Akamwonyesha kiganja, akakunja vidole vyote vitatu vilivyokatwa kano, mpaka karibu vifike kati ya kiganja. "Wewe umekuja kumuona huyu? Huyu ndiye mgonjwa asiyeugua."

Kisha jina langu likaitwa. Baba akaingia nami. Sikuwa nimetegemea aingie. Alisimama karibu na dirisha, mikono nyuma, na kama kawaida hakuangalia mguu. Aliangalia macho yangu.

Akinyi alishika kisigino kwa vidole viwili. Hakusukuma. Alikibana tu upande na upande, pale palipovimba.

"Ngapi?"

Niliona uso wa baba. Niliona wale watu wote waliosimama asubuhi ile ya kutahiriwa, miaka iliyopita, na vumbi, na nyimbo. Akinyi hakurudia swali. Alisubiri. Kwenye korido mtu aliangusha beseni na hakuna kati yetu aliyegeuka.

"Saba," nikasema. Halafu, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, nikaendelea. "Wiki iliyopita ilikuwa nane. Siku ya kwanza ilikuwa sita. Haijawahi kuwa sifuri."

Machozi yalitoka. Sikuyaita. Baba alitoka nje.

Akinyi aliandika kila namba, na siku yake, huku ananiuliza taratibu. Ni asubuhi au jioni? Ni ukianza kutembea au ukimaliza? Alibadilisha kila kitu. Mazoezi yakawa madogo mpaka nikaona kama mchezo: kukaza shavu la mguu bila kusogeza unyayo, kuhesabu hadi thelathini, kuachia. Namba ikipanda juu ya ile niliyoamka nayo, niache. Ikiwa kesho yake asubuhi bado iko juu, nipumzike siku nzima. Alisema si kwamba mguu ulale tu. Unahitaji kazi, lakini kazi isiyowasha moto, na hakuna mashine pale chumbani ya kumwambia moto umeanza. Kuna mimi.

Nilimkuta baba kwenye benchi. Niliketi upande wa pili, magongo katikati yetu.

"Tangu siku ya kwanza?" akauliza.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ulisema ninyamaze."

Aliangalia mikono yake. "Nilisema shambani. Shambani kulikuwa na watu."

"Hapa pia kuna watu, baba."

"Hawa ni watu wa kukutengeneza," akasema. Sauti yake ilikuwa na hasira, lakini niliona hasira yenyewe haikunilenga mimi. Alisimama, akagonga mlango wa Akinyi, akaingia peke yake, akakaa humo muda kiasi. Aliyosema au kuuliza sijui. Jioni hiyo akarudi Ntimaru.

Kesho yake saa moja asubuhi simu ikalia. Hakusalimu kwanza.

"Ngapi?"

Nikafikiri nimesikia vibaya. "Baba?"

"Mguu. Ngapi leo?"

"Sita."

"Sawa." Akakata.

Alipiga kila siku. Sita, sita, tano. Siku moja ilipanda saba baada ya kuteleza bafuni, nikamwambia saba, akaniuliza nimeteleza vipi, akamwita shangazi kwenye simu aondoe ile sabuni ya maji iliyomwagika chini. Tano. Nne. Wiki ya pili uvimbe ulianza kulegea pembeni, nikaona tena mifupa miwili ya kifundo niliyokuwa nimeisahau. Lakini katikati, pale paliposhonwa, palibaki pagumu, na kila nilipopagusa nilikumbuka kisu. Shangazi aliacha kunitania kuhusu kuku. Wote tulihesabu siku, na hakuna aliyehesabu kwa sauti.

Nikiwa hapa niwaambie wenzangu walio kwenye mabenchi kama lile. Mkikatwa kano, kuvimba kwa siku za mwanzo kusiwatishe sana, lakini kuvimba kunakorudi, kukawa na joto, msikufunike kwa soksi. Msikande kwa maji moto kabla ya kuuliza. Na mkiulizwa ngapi, semeni namba iliyopo. Si malalamiko. Ni kama kumwambia anayeongoza ng'ombe mbele kwamba plau imenasa. Yeye haoni nyuma.

Siku ya majibu nilikwenda na shangazi. Benchi lilikuwa limejaa, Mama Sindo hakuwepo, nikaambiwa amemaliza, amerudi kwake. Daktari aliyenishona alinilaza kifudifudi, miguu imetokeza nje ya kitanda. Sikuona anachofanya, niliona tu viatu vya shangazi. Alibana shavu la mguu wangu kwa mkono. Nilihisi unyayo ukisogea wenyewe. Akabana tena. Ukasogea tena. Akaleta ile mashine ya mafuta baridi, akaipitisha juu na chini, juu na chini, nikahesabu mara tisa. Viatu vya shangazi havikusogea hata kidogo.

"Maji yamepungua sana," akasema mwishowe. "Kovu lipo, hilo halitaondoka lote. Lakini pembeni yake naona nyuzi zinajipanga. Sifungui."

Shangazi akaketi sakafuni.

Akaniambia mengine: nitatembea, lakini mguu huu hautakuwa kama ule mwingine kwa muda mrefu, labda mwaka, na asubuhi za baridi utanikumbusha. Plau nisahau mvua hizi, na pengine mvua zijazo. Niliyakubali yote. Nilitoka nje kwenye jua, nikampigia baba.

"Hawafungui," nikamwambia.

Nilisikia ng'ombe nyuma yake, na mtu akipiga mluzi mbali. Nilifikiri simu imekatika.

"Baba, umesikia? Hawafungui."

"Nimesikia," akasema. Akakohoa kidogo. "Na leo ni ngapi?"

"Tatu."

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Basi keti," akasema. "Keti, halafu uniambie yote, kuanzia mwanzo."

Nikatafuta ukuta wenye kivuli, nikaketi.